Nuru na Giza katika Hadithi Zetu za Wokovu: Giza Tumemwachia Nani?

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama, maana nikianza kwa kuwasema wenzangu utaniuliza: na wewe je?

Mswada wangu wa kwanza una kurasa 83. Umechapwa kwa fedha ya kuazima kwenye steshenari moja hapa kwetu Mbagala, na deni lenyewe halijaisha. Ndani yake yumo mhusika nimemwita Bibi Chausiku. Jina hilo nililichagua kwa makusudi nikajiona bingwa: usiku, giza, umeelewa? Nyumba yake haina dirisha. Macho yake ni mekundu. Chini ya kitanda ana vyungu vitatu, na saa za usiku anazungumza peke yake. Mjukuu wake, Daudi, anaokoka kwenye mkutano wa injili mjini, anapanda basi kurudi kijijini, anaingia chumbani kwa bibi na kuvipasua vyungu vile kimoja baada ya kingine kwa jina la Yesu. Bibi anatoka mbio akipiga mayowe. Chumba kinajaa nuru kali kuliko jua la saa sita. MWISHO. Nilipoandika neno hilo nilitokwa na machozi, sitanii.

Nikaisoma kazi hiyo kwenye kijiwe chetu cha kusomeana. Wengi walipiga makofi. Dada mmoja, mtulivu, halafu mlokole kuliko mimi, akasubiri makofi yaishe akauliza: "Huyu bibi amekukosea nini?"

Watu wakacheka. Nikamjibu kisomi, kama vile niko kwenye mtihani wa fasihi: "Dada, huyo ni ishara tu. Anawakilisha giza."

"Sawa," akasema. "Lakini ana vyungu vitatu chini ya kitanda. Ishara haina vyungu vitatu. Hivyo uliviona mahali."

Alikuwa amenikamata. Vyungu vile ni vya bibi yangu mzaa mama, Muheza. Kimoja kina mizizi ya dawa ya mchango, watoto wa kijiji kizima wameinywa. Cha pili kina mbegu za kunde na mahindi za kupanda msimu ujao. Cha tatu ndimo alimokuwa akiweka sarafu na noti za vitumbua vyake, na humo ndimo ilimotoka ada yangu ya sekondari, sare na madaftari. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Na kule kuzungumza peke yake usiku, mimi nilikuwa nalala chumba hicho hicho, nalijua ni nini: anasali. Bibi yangu alibatizwa Magila zamani, kabla mama yangu hajazaliwa. Yote hayo niliyajua nikiwa na kalamu mkononi. Bado nikamwita giza.

Sasa tangu siku ile sisomi tena hadithi zetu za wokovu kwa raha. Mwaka huu kijiweni kwetu zimesomwa 14, nimezihesabu, na kwa ruhusa ya wenzangu nitazisema kwa jumla bila kumtaja mtu.

Jambo la kwanza ni kwamba giza letu lina anwani. Linakaa baa, linakaa disko, linakaa kwa mganga, na kuliko kote linakaa kijijini kwa mzee fulani, hasa mwanamke, hasa mjane. Nuru nayo ina anwani: mjini, kwenye mkutano wenye vipaza sauti. Jambo la pili ni kwamba nuru hufika ukurasa wa mwisho. Mhusika anateseka kurasa 60, anaokoka ukurasa wa 61, na wa 62 haupo. Haamki kesho yake asubuhi akakuta kodi ya chumba inadaiwa. Hamkuti yule aliyemdhulumu mwezi uliopita. Mwalimu wangu wa Kiswahili angesema hao ni wahusika bapa. Mimi nasema ni watu tuliowakata kwenye boksi.

Hata nuru yenyewe hatuiangalii. Sisi tunaoishi na LUKU, ambao umeme unatukatikia katikati ya taarifa ya habari, tulipaswa kuwa mabingwa wa kulieleza giza. Kwanza unasikia mtaa mzima, "Aaah!" Halafu unapapasa kiberiti. Halafu koroboi. Na koroboi hailifukuzi giza lote, inalisogeza tu mpaka ukutani, na kivuli chako mwenyewe ndicho kinakuwa kikubwa kuliko vyote. Hapo pana hadithi nzima. Lakini katika miswada yetu nuru inawaka kama taa za uwanja wa mpira, pa! na hakuna mwenye kivuli.

Wenzangu wananijibu kwamba ndivyo ilivyo hadithi ya Kikristo: ulikuwa gizani, sasa uko nuruni, basi. Nakataa. Na shahidi wangu ni mtu ambaye hakuna mlokole atakayemkataa.

John Bunyan alikuwa Mwingereza, fundi wa kuziba masufuria, amezaliwa mwaka 1628, shule kidogo tu, nasi wa kidato cha nne tungemwona mwenzetu. Alifungwa gerezani Bedford mwaka 1660 kwa kuhubiri bila idhini na akakaa humo miaka 12. Kitabu chake The Pilgrim's Progress kilitoka mwaka 1678, wamisionari wakakileta kwa Kiswahili kwa jina la Msafiri. Mimi nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba, hakina jalada. Ni hadithi ya mtu aitwaye Mkristo, anayeukimbia mji wake akiwa na mzigo mgongoni kuelekea mji wa mbinguni.

Angalia anavyoanza. Mwinjilisti anamwonyesha lango dogo kwa mbali: unaliona? Mkristo anasema halioni. Basi ule mwanga, unauona? Naye anajibu kwamba anafikiri anauona. Anafikiri! Mtu mzima anaiacha nyumba yake kwa mwanga ambao hana hakika nao. Katika hadithi zetu 14 hakuna hata mhusika mmoja aliyeruhusiwa kufikiri kwamba anauona.

Mzigo wake unaanguka pale msalabani. Huo ndio ungekuwa ukurasa wetu wa mwisho. Kwa Bunyan, sehemu kubwa ya kitabu bado iko mbele. Mkristo amekwishaokoka, amekwishapewa nguo mpya, amelala katika nyumba nzuri, amepigana na Apolioni akashinda, na ni baada ya hayo yote ndipo anapoingia katika Bonde la Uvuli wa Mauti. Njia ni nyembamba, kulia shimo, kushoto tope. Giza ni zito kiasi kwamba akiinua mguu hajui ataukanyagisha wapi. Halafu linakuja jambo ambalo lilinifanya nikifunge kitabu kwa muda: pepo mmoja anamnyemelea kwa nyuma na kumnong'oneza sikioni maneno ya kumtukana Mungu, na Mkristo anadhani maneno hayo yanatoka moyoni mwake mwenyewe. Hilo linamuumiza kuliko yote yaliyompata. Hawezi kujitofautisha na giza.

Huo si utunzi wa mtu aliyekaa kivulini akabuni. Bunyan alikuwa ameshaandika habari za maisha yake mwenyewe katika kitabu kingine cha mwaka 1666, na humo anasimulia jinsi alivyosumbuliwa miaka na sauti kama hizo baada ya kuanza kumtafuta Mungu. Bonde lile alilipita kwa miguu yake.

Na anatokaje? Hakuna mwanga unaolipuka. Anasikia sauti ya mtu mwingine mbele yake gizani, anayeyasema maneno ya zaburi ya mchungaji. Hamwoni. Anafurahi kwa sababu tu kumbe yumo mwingine anayemcha Mungu ndani ya giza hilo hilo. Baadaye kunapambazuka, naye anageuka nyuma na kwa mwanga wa asubuhi anatazama alikopita. Kwa Bunyan nuru ina kazi hiyo: inakuonyesha ulikuwa unatembea kando ya nini.

Lakini nami si mtu wa kumsujudia Bunyan. Ana dhambi yake, nasi tumeirithi nzima nzima. Mkristo anapoondoka nyumbani, mke na watoto wanamlilia arudi, naye anaziba masikio kwa vidole na kukimbia. Bunyan mwenyewe nadhani ilimkera, maana mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili ambayo huyo mke na watoto wanasafiri pia, na safari yao ina watu wengi zaidi na moyo zaidi. Sisi sehemu ya pili hatukuisoma. Tumechukua vile vidole masikioni. Hesabu hadithi zetu uone ni ngapi ambazo mtu akiokoka, kitendo chake cha kwanza ni kutomsikia tena mtu wa nyumbani kwake.

Ila hata Bunyan hakusema kwamba giza liko kijijini kwa bibi. Hilo tulilitoa kwingine. Miaka 200 kamili baada ya Msafiri, yaani mwaka 1878, H. M. Stanley alichapisha kitabu cha safari yake ya kukatiza Afrika kuanzia pwani yetu hii, na katika jina la kitabu chenyewe bara letu aliliita la giza. Hapo giza halikuwa tena ndani ya mtu. Liliwekwa kwenye ramani, likapewa ngozi, ngoma na vyungu. Sikuwahi kumsoma Stanley shuleni wala siko tayari kumnunua, lakini nikiutazama mswada wangu naona wazi: nilijidai mwana wa Bunyan kumbe mwana wa Stanley. Yule Daudi wangu anayeteremka kwenye basi na nuru yake begani, anayekwenda kuwaangazia watu wasiojua kitu, nilimtoa wapi?

Nikaona nirudi kwenye chanzo, Injili ya Yohana, ambayo ndiyo inayopenda nuru na giza kuliko zote. Niliisoma kama msomaji wa hadithi, siyo kama mtu wa kutafuta mstari wa kuhubiria. Ukiisoma hivyo unaona mambo. Nikodemo anakuja kwa Yesu usiku, na ni mwalimu, mtu wa dini, mwenye cheo. Yuda anatoka nje, na mwandishi anatuambia kwa maneno machache kabisa kwamba ulikuwa usiku. Sasa jiulize Yuda anatoka wapi. Si baa. Anatoka mezani, tonge alilopewa na Yesu kwa mkono wake bado liko mdomoni. Na Petro je? Luka anasema kijakazi alimtambua kwa sababu alikuwa ameketi penye mwanga wa moto. Ule mwanga ndio uliomuumbua. Katika maandiko hayo nuru ni kitu cha kuogopwa na wa ndani, na barua ya kwanza ya Yohana inafunga kabisa mjadala: mtu akisema yuko nuruni, kipimo chake ni ndugu yake. Akimchukia, maneno yake ya nuru ni bure.

Nikimsomea haya rafiki yangu mmoja, naye ni mwandishi, alikuja juu. "Wewe unataka tuseme hakuna giza nje? Waganga matapeli hawapo? Watu wenye ualbino hawakuuawa nchi hii wakakatwa viungo?"

Waliuawa, na hilo ni giza la kweli, tena la kutisha. Sitaki hata siku moja ionekane nalifunika. Lakini namuuliza rafiki yangu: viungo vile viliuzwa kwa nani? Maana mganga hakukusudia kujipikia. Kulikuwa na mnunuzi, mtu mwenye fedha, anayetaka zaidi. Nimesoma hadithi sita za kijiweni zenye mganga mwenye kaniki nyekundu na mkia wa ng'ombe. Sijasoma hata moja ya mnunuzi, ambaye pengine ana tai na viatu vilivyong'aa na anatoa ahadi kubwa siku ya harambee ya kanisa. Yule mganga ni rahisi kumwandika, amejivalia mavazi ya giza tayari. Mnunuzi anahitaji mwandishi.

Euphrase Kezilahabi alilijua hilo. Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 ina jina la Bikira Maria, lile la kwenye litania, na ikazuiwa mashuleni kwa muda kwa sababu watu waliona ni ya aibu. Lakini mapema kabisa katika riwaya ile anayemtoa Rosa kwenye mstari ni baba yake mzazi, kwa kipigo, kwa ajili ya barua ya mvulana. Giza linaanzia sebuleni, mikononi mwa anayejiita mlinzi. Nasema hivyo tu na kupita, maana Rosa ameshachambuliwa na kila mwanafunzi wa kidato cha tano.

Nataka kukaa zaidi kwa walokole wenyewe. Siku hizi neno hilo tunamwita kila mtu anayeimba kwa sauti na kukataa bia. Asili yake ni Kiganda, na ni kuokoka, lakini historia yake ina jambo ambalo sisi waandishi tunalihitaji kuliko wahubiri. Mwaka 1929, Kampala, walikutana Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni pale Gahini, mashariki mwa Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo, na wote wawili walijiona wakavu. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, na kwetu Tanganyika ukapitia upande wa magharibi mwa Ziwa Viktoria.

Watu hao walikuwa na msemo: kutembea nuruni. Usidhani maana yake ni kung'aa. Kutembea nuruni kulikuwa kusimama mbele ya wenzako na kulitaja kosa lako kwa jina lake. Nimeiba shuka la hospitali, hili hapa. Nimemdharau fulani. Wamisionari Wazungu waliwaomba radhi Waafrika kwa kiburi chao, jambo ambalo katika miaka ile ya ukoloni si mchezo. Mtu akiwa ameficha kitu ndipo walipomwona yuko gizani, hata awe mchungaji.

Ninyi mnaojua sarufi mnanielewa nikisema kwamba nuru ya wale wazee ilikuwa nafsi ya kwanza umoja. Mimi. Ya kwetu ni nafsi ya tatu: yule. Tumebadilisha kiambishi kimoja na dini yote imegeuka. Mlokole wa Gahini angepewa hadithi ya Bibi Chausiku angeuliza, haya, na Daudi je, ameungama nini? Hana alichoungama. Nilimwandika kurasa 83 na sikumpa kosa hata la kuchelewa kazini.

Sisemi walikuwa malaika. Yako mengi yanayolaumiwa: ungamo lilifika mahali likawa maonyesho, mtu anashindana na mwenzake nani alikuwa mwovu zaidi, na asiye na la kusema alionekana hajaokoka. Ushuhuda wa namna hiyo tunaujua, tumeukuta makanisani kwetu. Unautambua kwa sababu dhambi zote ni za zamani na za mbali.

Dhambi ya jana ni ngumu kuliko ya zamani. Kwa hiyo nampenda Festo Kivengere. Alikuwa mtoto wa uamsho ule, baadaye Askofu wa Kigezi, Uganda. Februari 16, 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ya Idi Amin ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Kivengere na mkewe Mera wakakimbia, wakavuka milima kwa miguu usiku kuingia Rwanda. Mwaka ule ule akatoa kitabu kidogo ambacho jina lake linakufanya udhani mchapaji amekosea: I Love Idi Amin. Kwa Mtanzania aliyekulia kwenye simulizi za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambaye jina la Amin alilisikia likitanguliwa na neno nduli, jina hilo la kitabu ni kama tusi.

Lakini kisome. Mauaji hayafunikwi, yanatajwa. Kisha Kivengere anasimulia jinsi chuki ilivyokuwa inamla yeye mwenyewe, askofu, mkimbizi, mwenye haki zote za kuchukia. Akiwa London, Ijumaa Kuu, kanisani, likamjia lile ombi la Yesu kwa ajili ya waliomsulubisha, akaona hana njia ya kupita. Akaomba asamehewe chuki yake. Kama mwandishi natazama alichokifanya na naona ni kigumu mno: ameshika mambo mawili mkono mmoja. Amin ni mwuaji, na mimi niliyekimbizwa ninalo giza langu. Sisi hilo la pili tukiliandika tunaogopa litafuta la kwanza. Halikulifuta.

Kuna sehemu ya habari hii siwezi kuiruka, ingawa nimejaribu mara mbili. Rwanda, nchi ambayo uamsho huo ulitokea, ndiyo nchi ambayo kuanzia Aprili 7, 1994, katika siku mia hivi, Watutsi waliuawa na majirani, na wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia. Sisemi ni walokole waliofanya, wala makanisa hayo yote si ya dhehebu moja. Nyamata ni kanisa Katoliki, na leo ni mahali pa kumbukumbu. Mimi nimeona picha tu. Nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi, na bati la paa limetobolewa matundu madogo madogo, na mwanga wa jua unapita humo unaangukia zile nguo.

Niliitazama picha hiyo muda mrefu. Katika hadithi zangu mwanga ukiingia kanisani umekuja kushangilia. Pale hauna cha kushangilia, unaonyesha tu. Na watu waliobeba mapanga siku ile wengi walikuwa wamebatizwa, na bila shaka waliwahi kuziimba nyimbo za nuru. Waliwaita jirani zao mende. Yaani walikuwa wameshampata wa kumwachia giza.

Najua kuna atakayesema nimekuza mambo, kutoka vyungu vya Muheza mpaka Nyamata ni mbali. Ni mbali kweli. Hadithi ya kijiweni haijaua mtu. Lakini vikongwe wenye macho mekundu wameuawa katika nchi yetu, kule Kanda ya Ziwa, kwa kuitwa wachawi, na yale macho ni ya moshi wa kuni na samadi. Mimi nimeandika macho mekundu kama dalili ya uchawi, kwa Kiswahili kizuri, nikapigiwa makofi.

Krismasi iliyopita nilikwenda Muheza. Bibi alikuwa amesikia kwa mama kwamba nimeandika kitabu, basi usiku umeme ukiwa haupo, tukiwa na koroboi kati yetu, akasema, "Nisomee, mjukuu wangu. Macho yangu hayawezi, ila masikio ninayo."

Nikamsomea. Alicheka pale konda alipomdhulumu Daudi chenji. Nilipokaribia Bibi Chausiku nikaruka kurasa nne.

"Mbona hapo umekwenda kwa mruko?" akauliza. "Sauti yako imepanda ngazi mbili kwa mpigo."

"Karatasi zimegandana, Bibi."

"Basi zianike. Kesho utanisomea."

Kesho yake niliondoka na basi la kwanza.

Mswada nimeufumua. Ile sura ya mwisho sasa ni sura ya tatu. Daudi ameshavipasua vyungu, lakini nuru haikujaa chumba. Kuna koroboi tu. Sarafu zimetawanyika sakafuni, nyingine zimeingia chini ya kitanda, mbegu za kunde zimechanganyika na vigae, naye amepiga magoti anaokota, kwa sababu amesikia mlango wa nje. Hapo nimekwama wiki ya pili. Sijui bibi akiingia atasema nini, na nadhani sitajua mpaka nimsomee yule wa kweli zile kurasa nne.

Nimezifunga kwa uzi, peke yake. Basi la Muheza linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Nauli ninayo.